Kompyuta Inaganda au Inalalamika Kumbukumbu Imejaa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Kumbukumbu Pepe

Laptopu nyingi zinazotumika majumbani Uganda huingia nchini zikiwa zimeshatumika kwingine: EliteBook, Latitude, ThinkPad, zenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 au 8, na nyingi bado zina diski ya kuzunguka. Miezi ya mwanzo mambo huenda. Kisha watoto wanaanza masomo ya Zoom, mzazi anajaza ritani ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato, huku kurasa kumi na tano za kivinjari ziko wazi, na mashine inaanza kuganda. Ushauri unaozunguka ni uleule: ongeza kumbukumbu pepe. Mtu anaandika namba kubwa, anawasha upya, na hakuna kilichobadilika.

Kumbukumbu pepe ni nafasi ya diski inayoisaidia RAM: Windows hutenga faili moja lililofichwa, pagefile.sys, yaani faili la kurasa, kwenye diski C. RAM ikibanwa, data ambayo haijaguswa kwa muda huhamishiwa humo, na ikihitajika tena hurudishwa. Safari hiyo ndiyo inayoumiza. RAM hujibu kwa muda ulio chini ya sehemu ya milioni ya sekunde. Diski ya kuzunguka hutumia kama milisekunde 10 kuitafuta data, na SSD (diski isiyozunguka) ya SATA karibu sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Faili hilo likiwa kubwa, programu hazifi kwa kukosa nafasi. Kasi haiongezeki hata kidogo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kama mashine yako imekosa nafasi au imekosa kasi.

Soma namba kabla ya kubadilisha chochote

Fungua kila kitu unachotumia siku ya kazi, subiri mashine iwe nzito, halafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Dirisha likitokea dogo bonyeza "More details". Nenda "Performance", kisha "Memory".

Tazama "In use", yaani RAM inayotumika sasa hivi. Kisha tazama "Committed", ambayo ina namba mbili, kwa mfano 7.4/7.9 GB. Ya kushoto ni jumla ya kumbukumbu ambayo Windows imeziahidi programu. Ya kulia ni kikomo chake: RAM pamoja na pagefile.sys. Hapohapo upande wa pili, bonyeza "Disk 0" uone asilimia na kama ni HDD (ya kuzunguka) au SSD; Windows 11 na matoleo ya mwisho ya Windows 10 huandika aina ya diski palepale.

Ikiwa namba ya kushoto ya "Committed" imekaribia ya kulia, tuseme imepita asilimia 90, hapo kweli kumbukumbu pepe ni ndogo. Ikiwa "Committed" iko mbali na kikomo lakini "In use" iko asilimia 85 kwenda juu na diski iko 100%, tatizo ni RAM ndogo au diski ya polepole, na kuongeza pagefile hakutasaidia. Ikiwa vyote viko chini na mashine bado nzito, acha makala hii kando: angalia joto, feni iliyojaa vumbi, na draiva.

Dalili: ujumbe "Your computer is low on memory", au programu zinajifunga zenyewe

Chanzo cha kwanza, kwa mbali, ni kivinjari. Katika "Processes" bonyeza kichwa cha safu ya "Memory" ili walaji wakubwa wapande juu. Ikiwa ni Chrome au Edge, kiache kivinjari kiwe mbele na ubonyeze Shift+Esc. Utaona kila ukurasa na kila nyongeza (extension) inakula kiasi gani. Mara nyingi mkosaji ni nyongeza mbili tatu zilizowekwa kwa ajili ya kupakua video na kusahaulika. Ziondoe. Katika mipangilio ya Chrome, sehemu ya "Performance", washa "Memory Saver", ambayo hulaza kurasa zisizotumika.

Chanzo cha pili: faili la kurasa limezimwa au limebanwa. Kuna mafundi wanaoweka "No paging file" wakidai SSD itadumu zaidi au mashine itakuwa nyepesi, na kuna programu za kuongeza kasi zinazofanya hivyo kimyakimya. Kwenye mashine ya GB 4 hilo ni kuitafutia ajali. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, Enter, ufungue "Advanced", kisha "Settings" iliyo chini ya "Performance", kisha "Advanced" tena, na "Change". Ukiona "Automatically manage paging file size for all drives" haina alama, iweke, bonyeza OK, washa upya. Kwa watu wengi matengenezo huishia hapo.

Chanzo cha tatu: diski C imejaa, kwa hiyo faili haliwezi kukua hata kama limeruhusiwa. Likiachiwa Windows, faili hili linaweza kufika mara tatu ya RAM au GB 4, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, ila kwa kawaida halivuki sehemu ya nane ya ukubwa wa diski. Kwenye C yenye GB 2 zilizobaki, halina pa kwenda.

Cha nne ni programu inayovuja, yaani inayoomba kumbukumbu bila kurudisha. Dalili yake: mashine ni nzuri asubuhi, mbaya saa kumi jioni, nzuri tena ukiwasha upya, ingawa unachofanya ni kilekile. Bonyeza Windows+R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs", "System", halafu "Filter Current Log" na uandike namba 2004. Tukio hilo, kutoka Resource-Exhaustion-Detector, huzitaja programu zilizokuwa zinashika kumbukumbu pepe nyingi kuliko zote wakati nafasi ilipoisha. Hakuna ubashiri hapo, jina limeandikwa. Sasisha programu hiyo au iondoe. Ikiwa hakuna programu inayoonekana kubwa lakini "Non-paged pool" katika Task Manager imepita GB 1 na inaendelea kupanda, anayevuja ni draiva, na washukiwa wa kwanza ni draiva ya mtandao na kinga ya virusi.

Mwisho kabisa: programu moja tu inalalamika na nyingine ziko sawa. Mara nyingi hiyo ni programu ya biti 32. Kwa kawaida hupewa GB 2 za anwani, na chache zilizoandaliwa mahususi hufika GB 4 kwenye Windows ya biti 64. Ukiongeza RAM au pagefile haitagusa nafasi hiyo. Weka toleo la biti 64.

Kuweka ukubwa kwa mkono

Fanya hivi ikiwa tu mpangilio wa Windows wenyewe umeshindwa: diski C ni ndogo na unataka kuweka mpaka, au kazi yako hupaa ghafla na programu zinakufa kabla faili halijakua.

Usichukue namba kwa jirani. Ipate kwenye mashine yako: chukua namba kubwa kuliko zote uliyoiona upande wa kushoto wa "Committed" wakati wa kazi nzito, toa RAM uliyo nayo, ongeza GB 2 za akiba. Mashine ya GB 4 iliyofika 9.5 inahitaji 9.5 − 4 + 2, yaani GB 7.5. Masanduku ya Windows yanataka MB, na GB 1 ni MB 1024, kwa hiyo ni 7680. Zungusha iwe 8192. Kwa "Initial size" andika 4096, kwa "Maximum size" 8192. Wanaosema namba hizi mbili lazima zilingane wanafuata desturi ya zamani ya kuzuia faili lisitawanyike kwenye diski ya kuzunguka. Kwenye SSD haina maana, na kwenye diski ya kuzunguka faida yake ni ndogo.

Hatua zenyewe: fika kwenye dirisha lilelile la "Change". Ondoa alama ya kujiendesha. Bonyeza C: iliyo juu. Chagua "Custom size", andika namba mbili. Bonyeza "Set". Kisha OK, OK, na uwashe upya kwa "Restart".

Usiweke GB 30 kwenye diski ya kuzunguka ukitumaini miujiza. Programu zitaendelea kuwa hai, ni kweli, lakini zitakuwa zinafufuliwa kutoka diskini kila ukibadilisha dirisha, na kila dirisha litachukua nusu dakika.

Dalili: "Nimebadilisha lakini namba zimerudi zilezile"

Hukubonyeza "Set". Hii ndiyo sababu katika visa vingi. OK peke yake hutupa ulichoandika.

La sivyo, ulizima kwa "Shut down" ukawasha tena badala ya "Restart". Windows ikiwa na "Fast startup", kuzima kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kilekile, kwa hiyo mabadiliko ya namna hii hayashiki vizuri. Au akaunti unayotumia si ya msimamizi, jambo la kawaida kwenye kompyuta iliyotoka ofisini ikiwa bado na sera za kampuni ya zamani ndani yake. Hiyo ya mwisho haina dawa nyepesi: weka Windows upya.

Ukikutana na ujumbe kwamba Windows imeunda faili la muda la kurasa kwa sababu ya tatizo la mpangilio, rudi kwenye "Change", chagua "No paging file" kwa C, bonyeza "Set", washa upya, kisha rudisha mpangilio wa kujiendesha na uwashe upya tena. Likitokea kwa mara nyingine baada ya hapo, usiendelee kuzungusha mipangilio. Diski ndiyo inayoshukiwa, na jibu liko kwenye sehemu ya skrini ya bluu hapa chini.

Dalili: diski iko 100%, taa yake haizimi, mashine inaganda kwa dakika nzima

Hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko pengine pote, na ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi kwa kununua kitu kisichohitajika. Diski 100% ni dalili ya mambo matatu tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Anza na kungoja. Diski ya kuzunguka ikiwashwa asubuhi huwa na foleni: Windows Update, ukaguzi wa virusi, uorodheshaji wa mafaili, na huduma ya SysMain inayopakia programu mapema. Ipe dakika 10 hadi 15 bila kugusa. Ikitulia yenyewe, huna tatizo la kumbukumbu, una diski ya polepole. Kama unatumia hotspoti ya simu, iweke Wi-Fi hiyo kuwa "Metered connection" kwenye mipangilio ya mtandao. Masasisho mengi yatasubiri, na kifurushi chako cha data nacho kitapona. Usisahau kuyaruhusu mara moja kwa mwezi ukipata mtandao mzuri.

Isipotulia, jua kama ni uhamishaji wa kurasa. Bonyeza Windows+R, andika resmon. Katika "Memory" tazama safu ya "Hard Faults/sec". Kupanda kwa sekunde chache unapofungua programu ni kawaida. Ikikaa kwenye mamia mfululizo ukiwa unaandika tu, RAM imezidiwa. Sasa nenda "Disk", fungua "Disk Activity", na upange kwa "Total". Ukiliona C:\pagefile.sys juu kabisa, umepata uthibitisho: data inakwenda na kurudi bila kupumzika.

Tiba ya hilo, kwa mpangilio wa gharama. Punguza yanayojiwasha: Task Manager, "Startup", zima kila ambacho huhitaji dakika ya kwanza, hasa Teams, Spotify na programu za printa. Usizime kinga ya virusi wala draiva ya sauti na ya kipanya. Ukiwa na kinga mbili za virusi, ondoa moja. Mbili hukaguana na zote hukaa kwenye RAM. Kisha RAM. Kisha SSD. Kwa mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, fedha zikitosha kununua kimoja tu, nunua SSD kwanza ikiwa tatizo ni kila kitu kuwa kizito tangu kuwasha. Nunua RAM kwanza ikiwa mashine huanza vizuri na kuzama unapofungua vitu vingi. Kwa nyumba nyingi jibu ni SSD.

Programu za "kusafisha RAM" ziache. Zinachofanya ni kuzilazimisha programu nyingine zitoe data yao kutoka RAM kwenda diskini. Namba ya "In use" inashuka, unafurahi, halafu kila dirisha unalolirudia linaisoma data ileile tena kutoka diski. Unakuwa umelipa gharama ambayo ulikuwa unaikimbia. SysMain unaweza kuizima kwa majaribio kupitia services.msc kwenye diski ya kuzunguka, na usipoona tofauti kwa siku mbili, irudishe.

Sababu ya tatu ni diski inayokufa. Katika Task Manager, "Disk", tazama "Average response time". Diski ya kuzunguka yenye afya iliyo kazini huwa kwenye makumi ya milisekunde. Ikikaa kwenye mamia au elfu wakati kasi ya kusoma ni KB chache tu, pakua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski. Ikiandika "Caution" au "Bad", au ukiona thamani ghafi za mistari 05, C5 na C6 si sifuri na zinaongezeka, acha kila kitu kingine na unakili mafaili yako leo. Usiendeshe programu yoyote ya kurekebisha diski kabla ya kunakili.

Simama hapa. Diski ikigonga, ikikwaruza, au ikizima na kujiwasha yenyewe, zima kompyuta. Usiiwashe tena kujaribu bahati. Kila dakika ya kuzunguka inaweza kuharibu kinachobaki, na kazi hiyo ni ya mtu wa kuokoa data. Mwambie wazi kama unachotaka ni mafaili au diski, maana fundi wa kawaida akisikia "haiwaki" ataifomati.

Dalili: diski C imejaa na pagefile.sys ni kubwa mno

Kabla ya kulilaumu faili hili, tazama mwenzake. hiberfil.sys, faili la kulaza kompyuta, huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Ikiwa hulazi mashine kwa "Hibernate", fungua Command Prompt kwa kubonyeza kulia na kuchagua "Run as administrator", uandike powercfg /h off. Litaondoka mara moja, pamoja na "Fast startup". Lakini kwa mwenye laptopu yenye betri hafifu, mahali ambapo Yaka (umeme wa kulipia kabla) huisha usiku bila taarifa, kulaza ni kinga: betri ikikaribia kuisha, kazi yako huhifadhiwa diskini kabla mashine haijazima. Pima mwenyewe kipi unakihitaji zaidi.

Usijaribu kulifuta pagefile.sys kwa mkono. Safisha kwanza: cleanmgr, kisha "Clean up system files", na uweke alama kwenye "Windows Update Cleanup" na "Previous Windows installation(s)" kama umeridhika na toleo ulilo nalo. Video za WhatsApp na folda ya "Downloads" zihamishie D au diski ya nje. Lenga C ibaki na angalau asilimia 15 tupu.

Kuhamishia faili la kurasa D kuna maana pale tu D ni diski nyingine kabisa, na ni SSD. Kwenye laptopu nyingi C na D ni vipande vya diski ileile moja, kwa hiyo unapata nafasi lakini hupati kasi. Hata ukihamisha, acha MB 1024 kwenye C, la sivyo Windows ikianguka huenda isiweze kuandika kumbukumbu ya kilichoiangusha. Kwenye flashi au diski ya USB usiweke kamwe.

Dalili: RAM ni GB 8 lakini Windows inaonyesha pungufu

Ikionyesha 7.7 au 7.8, hakuna tatizo. Chipu ya grafiki inakopa sehemu yake. Kwenye Task Manager sehemu hiyo huandikwa "Hardware reserved". Ikionyesha kama 3.2 hadi 3.5, angalia Settings, "System", "About": ukikuta "32-bit operating system" ndicho chanzo, na pagefile haiwezi kukitibu. Weka Windows ya biti 64 kama "x64-based processor" imeandikwa hapohapo.

Ikiwa ni biti 64 na bado pungufu, andika msconfig, "Boot", "Advanced options", uhakikishe "Maximum memory" haina alama. Alama hiyo hupigwa na watu wanaodhani inaongeza kumbukumbu. Inaiwekea mpaka. Baada ya hapo mshukiwa ni kadi ya RAM iliyolegea au yenye kutu kwenye meno yake. Jambo hili ni la kawaida kwa mashine iliyobebwa kwenye bodaboda kila siku au iliyokaa kwenye vumbi la barabara ya murramu.

Ukifungua: zima kabisa, chomoa chaja, toa betri au uchomoe waya wake ndani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15, gusa chuma kisichopakwa rangi. Toa kadi, futa meno yake kwa pombe safi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, iache ikauke, irudishe kwa pembe ya kama nyuzi 30 hadi meno yote yaingie, ishushe mpaka vishikizo vilie. Ukikuta betri imevimba, usiendelee. Usiibonyeze, usiichome, funika mashine bila kuichaji na uipeleke kwa fundi.

Ukinunua RAM, soma lebo ya kadi iliyomo. PC3L ni DDR3L ya volti 1.35, PC3 bila L ni ya volti 1.5 na laptopu nyingi zinazotaka DDR3L huikataa, hata kama inaingia. PC4 ni DDR4 na haiingii kabisa kwenye tundu la DDR3, kwa hiyo usilazimishe. EliteBook 840 G1 na G2 hutumia DDR3L, G3 hutumia DDR4. ThinkPad T440s ina GB 4 zilizounganishwa ubaoni na tundu moja tu. Mashine ambayo RAM yake yote imeunganishwa ubaoni haiongezeki kwa njia ya kawaida. Nenda dukani na kadi ya zamani mkononi, na ijaribiwe mbele yako.

Dalili: skrini ya bluu

Andika jina la kosa. Matatu yanahusu mada hii.

KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR (0x7A) maana yake Windows ilikwenda kusoma kitu ilichokiweka kwenye faili la kurasa na haikukipata. Kwanza diski, pili waya au tundu lake, mwisho RAM. Kwenye kompyuta ya mezani badilisha waya wa SATA kwanza, ni wa bei ndogo. Kisha CrystalDiskInfo. Diski ikiwa na afya, nakili mafaili, fungua Command Prompt ya msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kwa Y, washa upya. Kukatika kwa umeme ghafla kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu yenye betri iliyokufa, ni chanzo cha kawaida cha hitilafu za mafaili ambazo chkdsk hutengeneza.

Agizo la chkdsk C: /r hutafuta sekta mbovu na kwenye diski ya GB 500 linaweza kuchukua saa nyingi. Usilianzishe saa ambazo mtaa wako hukatiwa umeme, wala kwa mashine isiyo na betri. Umeme ukikatika katikati, unaweza kuamka na diski iliyo mbaya kuliko ulivyoianza.

MEMORY_MANAGEMENT (0x1A) na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA (0x50) huelekeza kwenye RAM au draiva. Endesha mdsched.exe, kipimo cha RAM cha Windows. Haikuona kitu lakini skrini inarudi? Tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi na uiache ipite mizunguko minne. Kosa hata moja likitokea, jaribu kadi moja baada ya nyingine, tundu moja baada ya jingine, ujue kilichooza ni kadi au tundu. Tundu likiwa bovu ni kazi ya fundi wa bodi. Kadi zikipita, rudisha draiva ya mwisho uliyoiweka kisha andika sfc /scannow.

Mashine za zamani zilizohamia Linux

Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi laptopu nyingi za miaka ya EliteBook G1 hadi G3, kwa hiyo wengi wamehamia Mint au Ubuntu. Huko kumbukumbu pepe huitwa swap. Andika free -h, tazama mstari wa "Swap". Ukiwa sifuri kwenye mashine ya GB 4, ongeza:

sudo fallocate -l 4G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2

Ili irudi baada ya kuwasha upya, ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab: /swapfile2 none swap sw 0 0. Kosa la herufi kwenye faili hilo linaweza kuzuia mashine kuwaka, kwa hiyo lichukulie nakala kwanza: sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak. Hatua hizi ni za diski ya ext4, ambayo ndiyo chaguo la kawaida la Mint na Ubuntu. Aliyechagua Btrfs asizifuate hivi zilivyo.

Kama swap ipo na mashine bado inazama, angalia diski kwa njia zilezile za juu. Kwa RAM ya GB 2 au 4, zram, inayokandamiza data ndani ya RAM yenyewe kabla haijatumwa diskini, husaidia kuliko kuongeza swap nyingine kwenye diski ya kuzunguka. Ubuntu unaipata kwa sudo apt install zram-tools.